Pono Huamka Saa Ngapi?

Ukishuka kituo cha Kwa Mathias pale Kibaha, ukaiacha barabara ya Morogoro na wapiga debe wake, ukakata kichochoro kati ya duka la mabati na banda la chipsi, utakiona kijiwe. Ni benchi moja refu la mbao lililoegemea kibanda cha Fundi Badru, mshona nguo. Mbele yake kuna jiko la mkaa, na juu ya mkaa birika la Kitwana, muuza kahawa, mtu asiyesema sana kwa sababu anasikia mengi. Ng'ambo ya njia kuna karai la Tatu, mkaanga samaki, ambaye kila alfajiri hufuata mzigo wake soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, hivyo watu humwita Mama Feri. Mambo yote ya nchi huamuliwa kwenye benchi hilo asubuhi, na jioni hutenguliwa na watu walewale.

Jumanne hiyo cherehani ya Fundi Badru haikulia. Mwenyewe alikaa ncha ya benchi, simu mkononi, kahawa yake imepoa na hajaigusa. Saa tatu asubuhi mkewe, Biubwa, alikuwa aingizwe chumba cha upasuaji kutolewa tezi la shingo alilolibeba miaka sita. Daktari alisema ni kazi ya saa mbili. Sasa ilikuwa inakaribia saa sita na simu ilikuwa kimya.

Hospitali walitaka ndugu mmoja tu wa kusubiri. Shemeji yake, Hajira, alijitolea, na Badru akakubali upesi kuliko adabu inavyoruhusu. Alisingizia nguo za wateja. Ukweli ni kwamba miaka kumi na minne nyuma alikaa kwenye benchi la hospitali akimsubiri kaka yake, Kondo, aliyechomwa sindano ya usingizi ili apasuliwe tumbo. Kondo hakuamka. Walimrudisha kwao Kibuta, Kisarawe, wakamzika pembeni ya mikorosho yake, na tangu siku hiyo Badru neno "nusu kaputi" halitamki. Siku moja kabla ya upasuaji wa Biubwa daktari, kijana mpole mwenye miwani, aliuona uso wake akataka kumpoza.

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Mama atalala kama pono."

Hapo ndipo alipoharibu.

– Kama pono? – aliuliza Tito, dereva wa bodaboda ambaye kijiweni anaitwa Breki, kwa sababu pikipiki yake haina.

– Kama pono. Maneno yake yenyewe.

– Sasa noma iko wapi, Fundi? Si msemo tu huo? Mtu akiuchapa usingizi, tunasema kalala kama pono.

– Noma ni kwamba mimi mtu wa Kibuta. Bahari naijua kwa kuhadithiwa. Pono wote niliowaona maishani mwangu niliwaona kwenye sinia la Mama Feri. Na hakuna hata mmoja aliyeamka.

Ilikuwa hoja nzito.

Ng'ambo ya njia, Tatu alisikia jina la biashara yake likitajwa. Akaja na samaki kamshika mkia, wa rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, mdomo umechongoka.

– Pono mwenyewe huyu hapa. Mtazameni meno, kama mdomo wa kasuku. Wavuvi wananiambia usiku huyu haviziwi, anaokotwa. Mtu anazama na tochi, anamkuta kajilaza kwenye mwamba, anamchukua kama anavyochukua kandambili mlangoni.

– Hashtuki? – Breki akauliza.

– Hashtuki. Anashtukia yuko ndani ya mtumbwi.

– Mama Feri, – Badru akasema taratibu, – unanisaidia au unanimaliza?

Tatu akamficha samaki mgongoni, lakini alikuwa amechelewa. Ponsiano alikwisha kukohoa. Ponsiano ni karani mstaafu wa halmashauri ambaye huongea kama anajibu maswali bungeni, ndiyo maana wanamwita Waziri, na akikohoa ujue mada imepata mwenyekiti.

– Ndugu zangu, tusiliendee jambo hili kishabiki. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Maana yake nini? Maana yake samaki aliyelala hakunjiki.

– Sio maana yake hiyo, – alisema Kitwana akimimina kahawa.

– Wewe mimina. Mimi nafafanua kitaalamu. Maji ya bahari yana chumvi. Pono anayanywa mchana kutwa. Chumvi inampanda kichwani, inaziba mishipa ya akili, jioni anaanguka. Kwa hiyo pono halali. Pono anazirai!

– Mbona samaki changu hazirai? – Tatu akauliza. – Si maji ni yaleyale?

– Changu ana kichwa kikubwa. Chumvi inapata nafasi.

Breki alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, macho yakimng'aa kama mtu aliyepata abiria wa Chalinze.

– Waziri, mimi nakwambia unazunguka mbuyu. Pono ni mlinzi. Kule chini kuna vitu, mali za Wajerumani, dhahabu. Pono kapewa lindo. Na mlinzi gani Bongo hii umemwona halali usiku?

– Hapo sasa unaanza kuelewa, – Waziri akasema, naye hakuwa anataka kuachwa nyuma. – Lakini kuna jambo hamjajiuliza. Daktari amesoma miaka saba. Kwa nini aseme pono? Kwa nini asiseme atalala kama gogo?

Breki akasogea karibu.

– Kwa sababu, – Waziri alishusha sauti, – dawa yenyewe ya nusu kaputi inatoka kwa pono.

– Acha bwana!

– Inatoka kwa pono! Wazungu wanakuja na mitungi mgongoni, wanasema tunatazama samaki. Nani atatoka Ulaya kutazama samaki, Ulaya hakuna samaki? Wanakinga udenda wa pono. Wanaukausha, wanauweka kwenye vichupa, wanatuuzia.

Badru aliihamishia simu mkono wa pili. Alijua Waziri ni mwongo. Alimjua kwa uongo wake miaka kumi. Lakini mtu mwenye hofu ni kama kitambaa cha bei rahisi; hata ukikidondoshea maji ya kunawa, doa linabaki.

– Sasa, – akauliza, na akajichukia kwa kuuliza, – kama ni ya pono, mtu anaamka baada ya muda gani?

– Inategemea na pono. Kilo moja, saa moja.

– Na huyu wa Mama Feri ana kilo ngapi?

– Tatu na robo, – Tatu akasema, kisha akajiziba mdomo.

– Halafu kuna suala la maji, – Waziri aliendelea, kwa maana sasa gari lilikuwa limeshika mteremko. – Pono huamshwa na maji kujaa. Yakiwa maji mafu, analala tu. Mwezi una siku ngapi leo?

– Kitu kama sita, saba hivi, – alisema Kitwana, naye akajilaumu papo hapo.

– Maji mafu! Tusubiri bamvua, maji makubwa. Mgeni siku mbili, ya tatu... hata hivyo, Fundi, usikate tamaa. Siku nane, tisa si nyingi.

– Waziri! – Kitwana alipiga kifuniko cha birika. – Mtu ana mgonjwa!

– Nampa takwimu. Mficha takwimu hazai.

Badru akasimama, akakaa. Saa sita na dakika tano. Akampigia Hajira, simu ikaita mpaka ikakata. Akatazama skrini kama mtu anayetazama chini ya kisima.

Ndipo mtu aliyekuwa kimya kwenye ncha nyingine ya benchi akatua kikombe chake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekuja nusu saa kabla akisubiri basi la Morogoro lililochelewa, akanunua kahawa na kashata mbili. Pembeni yake kulikuwa na begi kubwa, na kwenye zipu vilichomoza vitu viwili vipana vya raba nyeusi ambavyo Breki, alipomwona akiketi, aliviita madigadi ya lori.

– Samahani, kaka zangu. Hamjambo. Mimi naitwa Stellamaris. Nisiingilie mazungumzo, lakini huyo pono namfahamu.

– Unauza? – Tatu akauliza, na sauti yake ikawa ya mtu anayelinda soko.

– Hapana, mama. Mimi ni mzamiaji.

Breki akacheka mpaka kahawa ikampalia.

– Mzamiaji wa harusi au wa meli? Maana mimi nimezamia harusi tatu mwaka huu na pilau nimekula.

– Mzamiaji wa majini. Haya si madigadi, ni mapezi ya kuvaa miguuni. Tunahesabu samaki kwenye matumbawe, huko Mafia. Tunashuka na mtungi wa hewa, ubao na penseli, tunaandika nani yupo na nani hayupo.

– Kama sensa? – Waziri akauliza, kwa heshima ya ghafla.

– Kama sensa. Ila hawa hawakimbii karani.

Badru aligeuka mzima mzima.

– Dada. Umemwona pono aliyelala? Akiwa hai?

– Nimewaona wengi mno, kaka. Jua likizama tunashuka na tochi. Pono mchana kutwa anaguguna matumbawe, unamsikia chini ya maji, kra, kra, kama mtu anayetafuna barafu. Giza likianza kuingia anatafuta upenyo kwenye mwamba, anajisogeza ndani, anatulia. Halafu, baadhi yao, wanaanza kutoa ute mdomoni. Unatoka taratibu, kama nusu saa au zaidi, unamzunguka kuanzia kichwani mpaka mkiani. Ukimwangaza unamwona yumo ndani ya mfuko mwepesi unaopitisha mwanga, kama mfuko wa nailoni wa kufungia maandazi.

– Udenda! – Waziri akaruka. – Si niliwaambia? Udenda!

– Udenda upo, mzee wangu, ila hakuna anayeukinga. Ni chandarua chake.

– Chandarua?

– Usiku baharini kuna vijidudu vidogo vinavyonyonya damu ya samaki, ndio mbu wa kule. Ule ute unavizuia. Tena kuna mkunga, yule anayefanana na nyoka, anawinda kwa kunusa. Wataalamu wanasema ule mfuko huenda unaficha harufu pia. Kwa hiyo pono hajazirai. Amejitandikia, amechomekea chandarua, amelala. Ndiyo maana hana haraka ya kushtuka.

Hata Tatu alimtoa samaki wake mgongoni, akamtazama kama jirani aliyegundua leo kuwa ana elimu.

– Na ule mchanga mweupe wa ufukweni, – Stellamaris aliendelea, maana alikuwa mtu wa kupenda kazi yake, – sehemu yake kubwa katengeneza yeye. Anasaga matumbawe, anakula kilichomo, mabaki yanatokea nyuma yakiwa mchanga.

– Nyuma wapi? – Waziri aliuliza polepole.

– Nyuma, mzee.

– Mimi nimepiga picha ya fungate nimelala juu ya mchanga ule. Ipo sebuleni. Ina fremu!

– Haba na haba hujaza kibaba, – Breki akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi methali ilikaa mahali pake.

– Na huyu wa kijani wa mama hapa, – Stellamaris akasema akimwonyesha samaki, – huenda zamani alikuwa jike. Pono wengi huanza majike, wa rangi ya udongo. Dume kubwa la eneo likitoweka, jike mmoja anageuka, anavaa kijani, anakuwa dume, anashika nafasi.

– Toba! – Breki akashika kichwa. – Yaani mjane anakuwa mwenye nyumba?

– Ndio maana wa kijani wakubwa siku zote! – Tatu akapiga paja. – Miaka kumi na moja nawauza, hakuna aliyewahi kuniambia!

Wakaanza kubishana wote kwa pamoja, Waziri akitaka kujua jambo hilo linahusianaje na sheria ya mirathi. Badru hakuwasikia. Alisogea karibu na yule mwanamke, akauliza swali lililomkaa kooni tangu jana.

– Dada. Anaamka saa ngapi?

– Alfajiri. Mwanga ukianza tu. Anajitikisa, anatoboa mfuko wake, anatoka kwenda kutafuta kifungua kinywa.

– Wote?

Stellamaris aliokota kikombe chake kitupu, akakitua tena. Badru aliona kwamba alikuwa anafikiria kumdanganya, na akaona alivyoamua kutomdanganya.

– Si wote, kaka. Yupo anayefikiwa na mkunga. Yupo anayefikiwa na mvuvi wa mama hapa. Lakini katika miaka yote ya kuzama, sijamwona pono aliyeuawa na usingizi wenyewe. Usingizi ndio unaomlinda mpaka asubuhi.

Badru akamfikiria Kondo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameilaumu sindano. Sasa alikumbuka jambo ambalo kila mtu Kibuta alilijua na hakuna aliyelisema: Kondo alikaa na tumbo lile siku nne akinywa mizizi, akakataa kupelekwa, na alipofikishwa hospitali lilikuwa limekwisha kupasuka ndani. Haikuwa usingizi. Alishusha pumzi ndefu, na ilikuwa kama mtu amemfungua kifungo cha shingo.

Simu ikalia.

Wote wakaiinamia. Hata Waziri.

– Shemeji, – sauti ya Hajira ilisikika mpaka kwenye birika, – ametolewa. Walichelewa kuanza, kuna mama mjamzito wa dharura alipitishwa kwanza. Simu yangu niliambiwa niiweke kimya. Daktari anasema kazi imeenda vizuri. Ila bado hajaamka.

– Bado hajaamka, – Badru akarudia.

– Anaamka taratibu. Wewe uko wapi?

– Nipo... nipo hapa kazini.

Akakata. Akakaa vilevile.

– Tusubiri, – Waziri akasema kwa upole. – Subira yavuta heri. Tusubiri hapahapa atuambie akiamka.

– Kweli, – Tatu akasema. – Pale hospitali wanaume mnajaza tu njia.

– Ngoja niongeze kahawa, – Kitwana akasema.

Stellamaris aliwatazama mmoja mmoja.

– Naomba kuuliza kitu, – akasema. – Akifumbua macho, atamwona nani?

Waziri akafungua mdomo. Akaufunga. Breki akatazama viatu vyake. Tatu akamtazama pono. Kitwana alishika birika hewani, na kahawa haikutoka.

Badru akasimama.

– Breki, washa pikipiki.

Badru alikuwa ameapa kutopanda pikipiki ya Breki mpaka siku atakapokufa, na alimwambia hivyo mara nyingi. Siku hiyo alimpiga bega njia nzima akimwambia ongeza, ongeza. Walipofika geti la hospitali Breki alisimamisha kwa kukokota miguu chini mita ishirini, na Badru alikuwa ameruka kabla hazijaisha.

Hajira alikuwa mlangoni mwa wodi. Hakumuuliza kitu. Alimshika mkono akamwingiza.

Biubwa alikuwa kitandani, shingo imefungwa bandeji nyeupe, macho yamefumbwa, mdomo wazi kidogo. Badru hakuwahi kumwona amelala mchana. Ndiye aliyekuwa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka katika nyumba yao ya Pangani, hapohapo Kibaha, na kwa miaka ishirini na mbili sauti yake ndiyo iliyokuwa saa ya ukutani. Muuguzi alimgusa shavu.

– Mama Biubwa. Mama, amka. Daktari anataka tusikie sauti yako. Mishipa ya sauti iko jirani na pale tulipopasua, kwa hiyo tunataka utuambie neno lolote.

Hakuna kitu. Badru akahesabu pumzi za mkewe. Moja. Mbili. Tano.

– Biubwa, – akasema. – Ni mimi.

Kope zikatikisika. Jicho moja likafunguka, likazunguka dari, likashuka, likamkuta. Kisha la pili. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kuanzia kichwani, akashuka mpaka kifuani, akaganda hapo. Paji la uso likakunjamana.

– Badru, – akasema. Sauti ilikwaruza kama mkasi butu kwenye jinzi, lakini ilikuwa yake, yote, haijapungua hata uzi.

– Naam, mke wangu. Niko hapa.

– Wewe si fundi wewe?

– Ni fundi.

– Sasa ndio... umekuja mbele za watu... shati umelivaa ndani nje?

Badru akajitazama. Mishono yote ilikuwa nje, mabegani na ubavuni, na mfuko ulikuwa umejificha ndani. Tangu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amekaa hivyo kwenye benchi, mbele ya watu wenye maoni juu ya kila kilicho chini ya jua na chini ya maji, na hakuna hata mmoja aliyeliona.

Muuguzi aliandika kitu kwenye faili lake, akitabasamu. Hajira aligeukia ukuta. Badru akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa shati uliopinduka, na Biubwa akafumba macho tena, safari hii kwa usingizi wa kawaida, mkono wake umeshika cha mumewe.

Alipotoka wodini simu ilikuwa inaita. Ni Kitwana, na nyuma yake kijiwe kizima kikigombea spika.

– Fundi! Ameamka?

– Ameamka.

Tatu akapiga vigelegele mpaka Badru akaisogeza simu mbali na sikio. Kutoka getini alimsikia Breki, aliyepigiwa simu nyingine, akipiga honi. Alimsikia Waziri akidai kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na matumaini.

– Na sauti ipo? – Kitwana akauliza. – Anaongea?

– Anaongea.

– Alhamdulillahi! Amesema nini?

Badru aliishika mishono ya begani mwake.

– Amenisema.